"Mabadiliko" au "Badilisho"? Uhakiki wa Maneno ya Kubadili Taarifa za Bidhaa, kwa Mifano ya Mkoa wa Simiyu

Makala haya yakusudia kuchunguza neno moja pamoja na jamaa zake. Neno lenyewe ni "mabadiliko", na mahali tunapolichunguzia ni katika programu za kompyuta zinazoendeshea viwanda, hasa ile sehemu yao inayoshughulika na kubadili taarifa za bidhaa. Huenda msomaji akauliza, mambo ya viwanda yana nini na wanasarufi? Jibu letu ni kwamba kiwanda cha siku hizi hakiwashi mashine kabla hakijasoma maandishi, na maandishi hayo, yakifasiriwa kwa Kiswahili, hufasiriwa kwa maneno ambayo sisi wenye kazi ya lugha tumeyapitisha, au tumeyaacha yapite bila kuyatazama. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba neno tulilozoea kulitumia humo lina upungufu wa kisarufi, ya kuwa upungufu huo humdhuru mtu, na ya kuwa lugha yetu inayo dawa yake tayari.

Yafaa kwanza kueleza kazi yenyewe. Katika programu ya namna hii kila bidhaa, na kila kitu kinachoingia katika bidhaa hiyo, hupewa namba, maelezo, kipimo, na orodha ya vitu vinavyokitengeneza. Mnunuzi wa malighafi, mtunza ghala, fundi wa mashine na mpanga bei wote husoma taarifa hiyo hiyo moja. Mmoja wao akiigusa, kazi ya wote huguswa. Kwa sababu hiyo kazi hii imewekewa taratibu. Kwanza huandikwa ombi, lenye kutaja kitu kinachotakiwa kubadilishwa na sababu yake. Kisha wahusika hupima athari zake kwa akiba iliyomo ghalani, kwa gharama, na kwa mashine. Mwenye mamlaka akikubali, hutoa agizo lenye jina lake. Agizo hutaja tarehe, au shehena, ambayo jambo jipya litaanza kutumika. Mwisho, taarifa ya zamani haifutwi. Huwekwa, ili bidhaa iliyotoka jana ipate kueleweka kwa taarifa ya jana.

Iko pia kanuni ya kuamua kama kitu kilichobadilishwa kingali kitu kile kile. Hutazamwa mambo matatu: umbo lake, jinsi kinavyokaa mahali pake, na kazi yake. Ikiwa kipya chaweza kushika nafasi ya cha zamani bila mtu kupata taabu, namba ya bidhaa hubaki na taarifa yake hupanda toleo. Kisipoweza, hapana budi kipewe namba mpya. Tuchukue mifano ya kubuni iliyo karibu na mkoa tunaouzungumza, kwani katika miaka ya 2010 wilaya ya Maswa ilipata kiwanda cha chaki na wilaya ya Meatu ikapata cha maziwa. Mtengeneza chaki yeyote akipata jasi kutoka machimbo mengine, na chaki yake ikaandika vilevile na kukaa katika boksi lile lile, hilo ni toleo jipya tu la taarifa. Lakini mwenye maziwa akipunguza ujazo wa pakiti kutoka mililita 500 hadi 450 na kuiacha namba ya zamani, amefanya vitu viwili viitwe kwa jina moja. Tangu siku hiyo hesabu ya ghala haiaminiki, na mnunuzi hulipa asichopewa.

Sasa tulitazame neno. Katika tafsiri za programu za namna hii, ombi, agizo, marekebisho ya kosa, toleo jipya na hata kufutwa kwa bidhaa, yote aghalabu huitwa "mabadiliko". Kwamba neno moja limebebeshwa mizigo mitano ni kasoro, lakini si kasoro kubwa zaidi. Kubwa zaidi imo ndani ya neno lenyewe. "Badiliko" limetokana na kitenzi "-badilika", nacho kimo katika kauli ya kutendeka. Kauli hiyo hueleza hali iliyofikia kitu, wala haina nafasi ya mtenda. Twaweza kusema "bei ilibadilishwa na karani", lakini hatuwezi kusema "bei ilibadilika na karani" kwa maana ile ile. Mtenda hakusahauliwa hapa. Sarufi yenyewe imemfungia mlango. Na nomino inayozaliwa na kitenzi hicho hurithi hali hiyo.

Wenye lugha hawakosi kuihisi tofauti hii, ijapokuwa hawaitaji. Jambo lililotokea Zanzibar mwaka 1964 huitwa Mapinduzi, kutokana na "-pindua", yaani watu walipindua. Hakuna aliyeliita "mapinduko", kwa kuwa "-pinduka" ni kwa kitu kama chombo baharini. Kadhalika twasema "mageuzi" ya siasa, kwa sababu watu huyageuza, lakini mtaalamu wa viumbe akitaka kusimulia jinsi mnyama alivyogeuka kwa miaka mingi, huchagua "mageuko". Jozi hizi zatuonyesha kwamba Kiswahili kinayo njia nyepesi ya kutenga jambo lililotendwa na jambo lililotukia. Kwa "-badili" njia hiyo imeachwa iote majani.

Ushahidi mwingine umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 98 yazungumza juu ya "kubadilisha" masharti ya Katiba na ya sheria, na yaeleza ya kuwa kubadilisha huko kwachukua ndani yake kurekebisha, kusahihisha, na kufuta masharti na kuweka mengine mahali pake. Waandishi wake walichagua kitenzi chenye mtenda, tena wakakigawa katika sehemu zake. Ni kweli kwamba mwaka 2011 ilitungwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, na kwa sheria hiyo ikaundwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Hivyo hata katika sheria neno "mabadiliko" limeenea. Walakini jina la sheria si maelezo ya utaratibu. Palipotakiwa kusemwa nani afanye nini, na kwa njia gani, kitenzi kilikuwa "kubadilisha".

Jamaa za neno hili nazo zataka kutazamwa, maana mfasiri akikimbia "mabadiliko" huangukia mojawapo. Msamiati wetu wa kwanza wa kompyuta ulikomaa katika programu za ofisi, mathalani ile iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Programu za ofisi ni za kuandika barua na kupanga hesabu, na mara nyingi mwenye karatasi ni mmoja. Maneno yanayomfaa mwandishi wa barua si lazima yamfae mtunza daftari la kiwanda.

Neno "hariri" ni mfano mzuri. Kuhariri ni kazi ya kuboresha maandishi yapate kusomeka, na mhariri hadhaniwi kuwa amebadili ukweli wa habari. Kitufe chenye neno hilo kikiwekwa kando ya uzito wa robota la pamba, chamwambia karani kwamba kubadili uzito ni kazi ya namna moja na kupanga aya. Neno "sasisha", lililoundwa kutokana na "sasa", lina ufupi unaopendeza, na limeshika. Lakini maana yake yote imo katika wakati uliopo: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Halisemi lolote juu ya kilichokuwapo kabla, na daftari lililosasishwa tu, bila kuweka la zamani, haliwezi kutoa ushahidi. "Boresha", tunalolisikia katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lina ila nyingine: limekwisha kutoa hukumu. Kila badilisho huitwa bora kabla halijapimwa.

Liko pia "tendua", lililopata jina lake kutokana na kauli ya kutendua, kama "funga" na "fungua". Kwa mwandishi wa barua ni neno barabara. Lakini katika taarifa za kiwanda hakuna kinachotenduka. Agizo lililotolewa Jumatatu likaondolewa Jumatano lilikuwa na nguvu kwa siku mbili, na bidhaa za siku mbili hizo ziko barabarani. Kinachofanyika ni kutoa agizo la pili linalobatilisha la kwanza, na yote mawili hubaki kitabuni.

Tumefika mahali pa kuuliza, je, ubishi huu wa viambishi wamhusu nani nje ya chumba cha darasa? Twende Simiyu, mkoa ambao pamba ni zao lake kuu la biashara, tukaone.

Mkulima wa pamba wa Bariadi hukutana na taarifa za bidhaa mara tatu: anapopewa mbegu, anapopangiwa daraja, na anapopima mzigo. Tuanze na mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani na chama chao cha wakulima, waliweka wapimaji wao wenyewe katika masoko ya pamba, kwa kuwa hawakuridhika na mizani ya wanunuzi. Kutokana na jitihada hizo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria. Tukilitazama jambo hili kwa macho ya sarufi, twaona kwamba wakulima wale walikataa kitenzi kimoja na kutaka kingine. Waliambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba uzito "umepungua", kana kwamba pamba hunyauka njiani. Wao walitaka kujua kama "umepunguzwa". Mpimaji wa pili kando ya mizani kazi yake ni hiyo tu: kumrudisha mtenda katika sentensi.

Daraja nalo lina somo lake. Pamba mbegu hugawanywa katika safi na fifi. Haya ni maneno mazuri sana. Ya pili humkumbusha msikilizaji kitenzi "-fifia", na hakuna mkulima anayehitaji kufasiriwa. Mzigo ulioandikwa safi ukaja kuandikwa fifi umeshuka bei. Programu ikionyesha neno "mabadiliko" na tarehe, haijasema kitu. Huenda karani alikosea kuandika, na sasa amesahihisha. Pamba ni ile ile. Huenda pamba iliingia maji ghalani, ikafifia kweli. Hapo kitu chenyewe kimebadilika. Au huenda mtu ameamua kuishusha daraja. Hapo daraja limebadilishwa. Mambo matatu, haki tatu tofauti za mkulima, na neno moja. Katika jambo la kwanza alipwe kwa taarifa iliyosahihishwa. Katika la pili aulizwe mwenye ghala. Katika la tatu aulizwe mwenye kalamu.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni mbegu. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimetoa kwa miongo mingi aina za pamba zenye majina kama UK77, UK82, UK91, na baadaye UKM08. Herufi za mwanzo zaelekeza Ukiriguru, na tarakimu mbili za mwisho zaelekeza mwaka. Mwanaisimu hana budi kulistahi jina la namna hii, kwa kuwa limebeba asili na toleo pamoja. Wenye viwanda wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kupata programu itakayowapa majina yenye sifa hizo hizo.

Jina hilo lililindwa na utaratibu. Kiwanda kinapochambua pamba hutenga nyuzi na mbegu, na mbegu hizo ndizo zilizorudi kwa wakulima kupandwa msimu uliofuata. Kwa hiyo aina za mbegu zilipangiwa maeneo, ili ya eneo moja isiingie katika kiwanda cha eneo jingine. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi wengi. Wanunuzi walivuka mipaka ya maeneo wakitafuta mzigo, pamba za aina mbalimbali zikaingia katika viwanda vilevile, na mbegu zilizotoka humo zikarudi mashambani zikiwa mchanganyiko. Jina lilibaki UK kadha wa kadha, kitu chenyewe hakikuwa kile tena. Hii ndiyo ajali ambayo kanuni ya umbo, mkao na kazi imewekwa kuizuia.

Habari hii husimuliwa hivi: "mbegu zilichanganyika". Sentensi ni fasaha, na kwa msimulizi wa jioni yatosha. Lakini mbegu hazina miguu. Zilinunuliwa, zikasafirishwa, zikachambuliwa na kugawanywa na watu, kila mmoja na stakabadhi yake. Kwa kusema "zilichanganyika" tumemfanya mkulima wa Bariadi aliyepanda mbegu isiyoota sawasawa asiwe na wa kumwuliza, kama asivyo na wa kumwuliza kuhusu mvua. Nadhani hapo ndipo tofauti ya "-badilika" na "-badilishwa" inapotoka katika kitabu cha sarufi na kuingia shambani.

Mkoa wenyewe watupa mfano wa mwisho, nao hauna kosa la mtu. Simiyu iliundwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga; Busega ilikatwa kutoka Magu katika mkoa wa Mwanza; Itilima ilikatwa kutoka Bariadi. Sasa, stakabadhi ya mwaka 2010 iliyoandikwa "Bariadi, Shinyanga" ni sahihi, na itabaki sahihi daima. Ile ya mwaka 2015 yenye maneno hayo hayo ina kosa. Anayezipitia zote mbili na kuandika "Simiyu" hakusahihisha zote mbili. Ya pili ameisahihisha, ya kwanza ameiharibu. Programu isiyotenga kusahihisha na kubadilisha, wala isiyouliza tarehe ya kuanza kutumika, haitamzuia.

Hatuna budi kuzikabili hoja za wanaotupinga, kwani zina uzito. Ya kwanza ni hoja ya mazoea: wenye lugha wamekwisha kuzoea kusema "kufanya mabadiliko", na anayefanya ni mtenda. Kweli, na hatupendekezi kulifukuza neno hilo katika mazungumzo, magazetini, wala katika "mabadiliko ya tabianchi". Tunachosema ni kwamba kitenzi "kufanya" ndicho kinachomleta mtenda hapo, na katika jedwali la programu, ambamo nafasi ni ndogo, kitenzi hicho hukatwa kwanza. Nomino hubaki peke yake, bila mtu.

Hoja ya pili ni kwamba "badilisho" halisikiki sana, na masikio yatalikataa. Lakini "sahihisho", "rekebisho", "onyesho" na "fundisho" yameundwa kwa kanuni ile ile, kitenzi cha kutendesha na kiishio -o, na hakuna anayeyashangaa. Neno lililozaliwa kwa kanuni hai halihitaji muda mrefu kuzoewa, kama tulivyoona kwa "sasisha". Hoja ya tatu ni ya watu wa kompyuta, wanaodai kwamba programu yenyewe huandika jina la aliyegusa, hivyo neno si kitu. Twajibu kwamba kumbukumbu hiyo husomwa baada ya madhara. Neno lililo juu ya kitufe husomwa kabla.

Kwa hiyo twapendekeza maneno matano, kila moja na mpaka wake. "Sahihisho" liwe kwa taarifa iliyokosewa, wakati bidhaa yenyewe haikuguswa. "Badilisho" liwe kwa bidhaa au kanuni yake iliyobadilishwa kwa agizo la mtu mwenye mamlaka, nalo lizae "ombi la badilisho" na "agizo la badilisho". "Badiliko" libaki kwa kilichobadilika chenyewe, kama pamba iliyofifia au maziwa yaliyochacha. "Toleo" liwe kwa hali ya taarifa kati ya badilisho moja na jingine, likiwa na namba na tarehe; wasomaji wa jarida hili wanalijua vema kutokana na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, la pili 2004 na la tatu 2013. "Kibadala" kiwe kwa kitu kilichoruhusiwa kushika nafasi ya kingine.

Kwa kuondoa bidhaa au agizo kitabuni, wengine wangependa "-tangua", neno la kale na zuri, linalotumika kwa ndoa na kwa udhu. Twalitilia shaka kwa sababu moja. Likitiwa katika kauli ya kutendwa huwa "-tanguliwa", na "-tangulia" nalo, likitiwa katika kauli hiyo hiyo, huwa "-tanguliwa". "Toleo lililotanguliwa" laweza kuwa toleo lililofutwa, laweza pia kuwa toleo lililokuwa na jingine mbele yake. Katika kazi ambayo maana hizo mbili hukutana kila siku, utata huo hauvumiliki. "Kubatilisha" na "kubatilishwa" yatatosha.

Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, limekuwa na kazi ya kusanifisha istilahi, na taasisi za vyuo vikuu zimekuwa na kazi ya kuzitafiti. Twaomba istilahi za viwanda zisiletwe mbele yao kama orodha ya maneno ya kigeni yenye nafasi tupu upande wa pili. Ziletwe pamoja na fomu zinamotumika, stakabadhi zake, na watu wanaozitia saini, ili kila neno lipimwe kwa swali moja: je, mkulima akisoma neno hili katika karatasi yake ya malipo, atajua aende kumwuliza nani? Kwa "mabadiliko" hatajua. Kwa "badilisho" atatazama jina lililo chini ya agizo.